Uliza Mzee wa Redio: Ushindi mara tano kwa sauti za kuazima

Toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza ni nchi gani ndogo imetamba katika Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ambayo televisheni za Ulaya huyafanya tangu 1956. Nilimjibu kwa mistari minne tu: Luxemburg, imeshinda mara tano, "kwa sauti za watoto wake wenyewe". Mistari minne, kosa moja, na barua zimejaa kikapu. Basi safu ya mwezi huu nimeitoa yote kwa jambo hilo. Walioniuliza habari za betri za sola wanivumilie.

Mzee, shikamoo. Ninaishi Brussels mwaka wa kumi na mbili sasa, na mke wangu anaipenda Eurovision kuliko anavyonipenda mimi. Nilipomsomea jibu lako alicheka hadi akamwaga kahawa. Anasema katika washindi watano wa Luxemburg hakuna hata mmoja aliyekuwa Mluxemburg. Nani mkweli? — H.K., Brussels

Marahaba, baba. Mkweli ni mkeo, na kahawa iliyomwagika niandikie deni. Niliandika kwa kukumbuka, na kichwa cha mtu wa miaka 74 ni kama maktaba ya santuri iliyochezewa lebo: muziki upo, jina si lake.

Safari hii nina daftari mezani, tuhesabu pamoja. Mwaka 1961 alishinda Jean-Claude Pascal, Mfaransa, tena mjini Cannes. Yaani Mfaransa kapanda jukwaani kwao, kaimba Kifaransa, kawashinda Wafaransa wenzake, na sifa zikaenda kwa jirani. Mwaka 1965 kule Naples akashinda binti wa miaka 17, France Gall. Huyu hata jina la kisanii ni la nchi yake! Aliyemtungia ni Serge Gainsbourg, naye wa Paris. Mwaka 1972, Edinburgh, zamu ya Vicky Leandros, Mgiriki mzaliwa wa kisiwa cha Corfu aliyekulia Ujerumani. Mwaka 1973 mashindano yakafanyika Luxemburg kwenyewe, akashinda Anne-Marie David, Mfaransa, kwa pointi 129. Uhispania ilipata 125 na Uingereza 123, kwa hiyo watu walikaa roho juu mpaka kura ya mwisho. Na 1983, Munich, akamaliza kazi Corinne Hermès. Mfaransa tena.

Watano hao, na Mluxemburg hayumo. Huyo Anne-Marie David nusura nianguke kitini niliposoma mwendelezo wake: 1979 alirudi mashindanoni, Jerusalem, safari hii akiimbia Ufaransa, akawa wa tatu.

Sasa usije ukadhani walikuwa wakidanganya. Luxemburg ina kilomita za mraba 2,586, karibu na Unguja na Pemba ukiziweka pamoja, na hata leo watu wake ni laki sita na ushee tu. Lakini kinchi hicho kilikuwa na redio. Radio Luxembourg ilianza kurusha matangazo 1933, ikaelekeza mitambo yake Ufaransa, Uingereza na Ujerumani, ikala fedha za matangazo ya biashara wakati redio nyingi za serikali zilikuwa bado zinasoma hotuba. Kampuni ya redio hiyo ndiyo iliyoendesha televisheni, na televisheni ndiyo iliyochagua mwimbaji. Mkono mmoja ulikuwa Luxemburg, mwingine Paris. Kampuni za santuri za Paris zilikuwa na waimbaji wengi kuliko nafasi, maana Ufaransa hupeleka wimbo mmoja tu kwa mwaka. Mlango wa mbele ukiwa na foleni, watu walipitia wa uani.

Halafu kuna suala la lugha. Kuanzia 1966 ilikuwa lazima kuimba kwa lugha ya nchi yako. Kanuni hiyo iliwabana kweli Wafini na Wanorwe. Luxemburg, ambako Kifaransa ni lugha ya serikali, haikubanwa popote.

Kuazima msanii mimi sioni haya. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaingia Dar es Salaam 1978, na leo panda daladala ya Sinza usikie konda anavyoita kituo cha "Kwa Remmy", kisha umwambie Remmy hakuwa wetu. Tofauti ni kwamba Remmy alikaa, akajenga, akazeeka nasi. Wale wa Luxemburg walipokea maua, wakapanda treni ya Paris.

Kinachoniuma mimi ni Camillo Felgen. Huyu alikuwa Mluxemburg hasa, tena mtu wa redio kama mimi, mtangazaji wa idhaa ya Kijerumani ya Radio Luxembourg. Mwaka 1960 alikwenda London akawa wa kwanza kuimba Kiluxemburg, lugha ya jikoni kwao, "So laang we's du do bast", maana yake kama "maadamu upo". Akapata pointi moja, akashika mkia kati ya nchi 13. Mwaka uliofuata wakampeleka Mfaransa, wakashinda. Mtoto wa nyumbani kaimba lugha ya mama, kaambulia moja. Mgeni kaja na ya kwake, kachukua yote. Wewe ungekuwa bosi wa televisheni ungefanyaje? Kiluxemburg hakikusikika tena jukwaani hapo mpaka 1992.

Felgen mwenyewe hakununa. Mwaka 1962 alirudi, akaimba Kifaransa nyumbani kwao, akawa wa tatu. Miaka miwili baadaye, Beatles walipotaka kurekodi nyimbo zao mbili kwa Kijerumani, aliyewaandikia maneno ni yeye.

Babu, shikamoo. Hili si la mashindano. Bibi yangu ana mluzi mmoja anaoupiga akichambua mchele. Anasema zamani redio ilikuwa ikipiga muziki huo, hauna maneno, una huzuni kidogo, kabla ya taarifa ya habari. Nimemrekodi kwa simu, nakutumia. Ni wimbo gani? — Mjukuu wa Chumbageni, Tanga

Marahaba, mjukuu. Nimeusikiliza mluzi wa bibi yako mara tatu, ya nne nikazima simu nikatoka nje kupunga upepo.

Ni "L'amour est bleu", na ni la mashindano, hujui tu. Wimbo huo uliimbwa Vienna 1967 na Vicky Leandros yule yule, akiiwakilisha Luxemburg kwa mara ya kwanza, miaka mitano kabla hajashinda. Alitumia jina moja tu, Vicky. Akawa wa nne. Kisha Paul Mauriat, kiongozi wa okestra wa Kifaransa, akautoa maneno, akauanzisha kwa kinanda cha kizamani kile chenye mlio wa kukwaruza nyuzi, akauachia vinubi na fidla. Mapema 1968 santuri hiyo ilikaa namba moja Marekani wiki tano. Aliyeshinda Vienna ni Sandie Shaw wa Uingereza, nampa heshima yake, lakini bibi yako hapigi mluzi wa wimbo wake.

Nilianza kazi 1971 katika kituo ambacho sitakitaja, kwa sababu utakayoiona. Zamu ya usiku ilikuwa na muziki wa kujazia: kipindi kikiisha dakika nne kabla ya saa mbili, fundi anaweka santuri isiyo na maneno, kengele ikigonga anapunguza sauti taratibu, msomaji anaanza. Santuri yetu ilikuwa hiyo. Ilikuwa na mkwaruzo pale fidla zinapopanda mara ya pili. Ukijua, unanyoosha kidole unaisukuma sindano kidogo sana, kama unamfukuza nzi juu ya uso wa mtoto aliyelala, inaruka mkwaruzo. Nilifanya hivyo mamia ya mara. Usiku mmoja wa Ramadhani, tumbo limejaa futari, nikasinzia. Nilipoamka fidla zilikuwa zinapanda, zinapanda, zinapanda, na msomaji wa habari ananiangalia kupitia kioo kwa macho ambayo sitayasahau. Nilikatwa mshahara wa siku mbili.

Muulize bibi kama mluzi wake huwa unarudia mahali hapo. Mimi nimesikia kama unarudia.

Mzee wangu, hapa Mtwara kuna mjadala kijiweni. Bwana mmoja anadai eti wimbo wa Eurovision ndio ulioleta uhuru wa Msumbiji. Sisi tumekulia karibu na Ruvuma, tunajua nani alipigana. Tunaomba umkomeshe. — Wana kijiwe, Mtwara

Sitamkomesha. Nitamrekebisha, na nitaanzia mbali kidogo.

Luxemburg imeshinda 1972, imeandaa 1973, imeshinda tena nyumbani. Kwa desturi anayeshinda ndiye mwenyeji wa mwaka unaofuata. Wakapiga hesabu, wakasema basi, gharama za harusi mbili mfululizo hatuziwezi. BBC wakaichukua, mashindano yakaenda Brighton, Aprili 6, 1974. Hapo ndipo ABBA wa Sweden walipotokea na "Waterloo", na wengi hukumbuka hilo tu.

Usiku huohuo Mreno aitwaye Paulo de Carvalho aliimba "E depois do adeus", "baada ya kuagana", wimbo wa mapenzi yaliyokwisha. Alipata pointi tatu, akawa mkiani pamoja na wengine watatu. Siku kumi na nane baadaye, Aprili 24, saa tano usiku kasoro dakika tano, redio moja ya Lisbon iliupiga. Maofisa wa jeshi waliopanga kuuangusha udikteta walikuwa wakiusubiri: ulikuwa ishara ya kujiandaa. Waliuchagua kwa sababu ulikuwa wimbo wa kawaida kabisa, unapigwa kila siku, askari kanzu gani angeshtuka? Redio hiyo ilisikika Lisbon tu, kwa hiyo baada ya saa sita usiku redio nyingine inayofika nchi nzima ikapiga wimbo wa pili, "Grândola, Vila Morena", ishara ya kutoka kambini. Alfajiri vifaru vilikuwa mjini. Vita vya ukoloni vikapoteza mwenyewe, na Juni 25, 1975 Msumbiji ikapandisha bendera.

Kwa hiyo mwambieni bwana huyo: uhuru waliupigania FRELIMO kwa miaka kumi, na maofisa wale waliasi kwa sababu vita hiyo iliwachosha. Wimbo ulikuwa kengele. Lakini kengele mimi ndiyo kazi yangu, sitaidharau.

Haya sikuyapata kwenye daftari peke yake. Binti yangu ameolewa Esch-sur-Alzette, mji wa viwanda vya chuma kusini mwa Luxemburg, na Mei 2024 nilikuwa kwake. Wareno ndio kundi kubwa kuliko kundi jingine lolote la wageni nchini humo. Jirani yake wa ng'ambo ya ngazi ni Mreno, mstaafu wa kiwanda, mwaka mmoja ananizidi. Usiku wa fainali alikuja na sahani ya kababu za samaki wa chumvi, sisi tuna vitumbua, tukakaa mbele ya televisheni na binti yangu akitutafsiria. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akatafuna kwanza, akameza, akasema neno moja: "Mueda."

Alikuwa kuruta huko, kaskazini mwa Msumbiji, 1972. Upande ule wa Ruvuma yeye, upande huu mimi, nikipiga santuri ya mikwaruzo. Aprili 24 alikuwa bado porini, wimbo wenyewe hakuusikia. Habari zilimfikia siku iliyofuata. Aliniimbia mstari wa kwanza pale pale, Waukraine wakiwa jukwaani, na binti yangu akapunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa.

Mzee, hujambo? Kama walikuwa wazuri hivyo, mbona walipotea miaka thelathini? Na sasa wamerudi na nani? — Mpenzi wa muziki, Kigali

Sijambo, ahsante. Baada ya 1983 bahati ilianza kupukutika. Walijaribu bado kuazima: Sherisse Laurence wa Kanada akawa wa tatu 1986, Lara Fabian, mzaliwa wa Ubelgiji, akawa wa nne 1988. (Mwaka huo aliyeshinda ni Céline Dion, Mkanada, akiimbia Uswisi. Nani amcheke nani?) Walipoanza kuwapeleka watu wao, matokeo yakawa ya Felgen. Mwaka 1993, Millstreet, Ireland, walikuwa wa 20 kati ya 25. Ndio wakati nchi mpya za Ulaya Mashariki zilikuwa zikibisha hodi, nafasi hazitoshi, walioshika mkia wakaambiwa mwaka 1994 wapumzike. Luxemburg ilipumzika, ikanogewa. Televisheni yao ilikuwa ya biashara, na biashara haikuona faida.

Walirudi 2024, baada ya miaka 31. Mwimbaji, Tali, alichaguliwa Januari kwenye ukumbi wa Rockhal, Belval. Nilikwenda kuuona, nimepanda treni bila tiketi, maana usafiri wa umma huko ni bure tangu 2020, na bado nilikuwa namtafuta konda kwa macho. Ukumbi uko chini ya matanuri makubwa ya chuma yaliyozimwa zamani, yamebaki yamesimama kama nguzo za daraja lisilo na barabara.

Tali naye kazaliwa Jerusalem, kakulia Amerika ya Kusini, kahamia Luxemburg mtoto. Utasema wameazima tena? Hapana, bwana. Karibu nusu ya wakazi wa nchi hiyo ni raia wa kigeni. Binti yangu, jirani Mreno, muuza mkate wa chini: mjini pale Tali ndiye mwenyeji wa kawaida. Alipopata pointi 103 na nafasi ya 13 Malmö, ngazi nzima ilipiga sufuria. Sijaona nafasi ya kumi na tatu ikishangiliwa namna ile.

Mwaka 2025 alikwenda Laura Thorn, Mluxemburg, na wimbo wa Kifaransa wa kumkumbuka France Gall, miaka 60 baada ya Naples. Akawa wa 22. Mie niliupenda, na sina la kuongeza.

Afrika je? Sisi tumefungiwa? — Kijana wa Kisumu

Wanaoshiriki ni vituo vilivyo wanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, na uanachama huo unafika Afrika Kaskazini. Morocco iliwahi kuingia mara moja, 1980, The Hague: Samira Bensaïd aliimba Kiarabu, akapata pointi saba, zote kutoka Italia, akawa wa 18 kati ya 19. Hawakurudi. Tunisia ilijiandikisha 1977, ikajitoa. Kisumu iko mbali na mpaka huo, kijana wangu, ingawa Australia imealikwa tangu 2015, na ramani ninaijua.

Babu, mimi nina miaka 19 na sijawahi kusikia hata wimbo mmoja kati ya hizo. Nianzie wapi? — F., Ilala

Anza na wa Felgen, 1960, ule wa pointi moja. Usisome chochote kwanza, sikiliza tu, kisha niambie kama ungempa moja. Halafu "L'amour est bleu" ya Vicky, yenye maneno, ndipo ya Paul Mauriat. Zote zipo kwenye intaneti, safi kabisa, zimesafishwa. Ukitaka kuisikia ya Mauriat kama bibi wa Chumbageni alivyoisikia, fidla zikipanda mara ya pili irudishe nyuma kidogo kwa kidole, halafu tena, halafu tena.